Namna ya Kumlisha Nyoka wa Kufugwa Bila Kumfundisha Kuuma Mkono

Nyoka anayeurukia mkono wa mfugaji wake mara tu mlango wa kizimba unapofunguliwa huitwa mkali, na mara nyingi huachwa bila kushikwa kwa miezi kadhaa au hutafutiwa mtu mwingine wa kumchukua. Kwa sehemu kubwa nyoka huyo anaonewa. Amejifunza, tena kwa usahihi, kwamba mlango ukifunguka chakula kinaingia, na mkono ndio kitu cha kwanza chenye joto kinachotokeza hapo mlangoni. Aliyemfundisha ni mfugaji mwenyewe, na ni yeye pia anayeweza kumfundisha vingine. Maelezo yafuatayo yanahusu jinsi ya kupanga ulishaji kwa ajili hiyo, kwa kuzingatia hali ya Arusha na Moshi, ambako baridi ya Juni na Julai, kukatika kwa umeme na ugumu wa kupata panya walio safi huamua mambo mengi.

Suala la kisheria halihitaji maneno mengi. Wanyamapori wa Tanzania, nyoka wakiwamo, wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo nyoka aliyeokotwa shambani Usa River au mtaroni Majengo hawi wa kufugwa kwa uamuzi wa aliyemwokota. Anayetaka kufuga aanzie ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, apate kibali, ndipo atengeneze kizimba. Chatu wamo pia katika viambatisho vya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo kumvusha mpakani Namanga au Holili bila hati zinazotakiwa ni kosa. Aidha, ninayoyaeleza hapa ni kwa nyoka wasio na sumu tu: nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, ambaye wataalamu humwita Boaedon fuliginosus na ambaye watu wengi wamewahi kumkuta ghalani akifuata panya, pamoja na chatu. Swila, koboko na kifutu waachiwe watu waliofunzwa, kama wale wa bustani ya nyoka ya Meserani kwenye barabara ya kwenda Dodoma, ambayo ina zahanati ya kuwatibu walioumwa na nyoka.

Nyoka anavyokitambua chakula

Mfugaji hawezi kupanga ishara za kumfundisha nyoka kabla hajajua ni ishara zipi nyoka anazipokea. Ya kwanza na yenye nguvu zaidi ni harufu, nayo haiingii kwa pua peke yake. Kila nyoka anapotoa ulimi anakusanya chembechembe za harufu hewani au ardhini na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilicho juu ya kaakaa, na humo ndimo anamoamua kama kilicho mbele yake kinalika. Uamuzi huo kwa sehemu huzaliwa nao. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, Gordon Burghardt, aliwapa vinyoka ambavyo havijawahi kula chochote vipande vya pamba vilivyochovywa katika maji yenye harufu ya mawindo mbalimbali, navyo vikaongeza kutoa ulimi na kuishambulia pamba yenye harufu ya mawindo ya jamii yao, huku vikiipuuza ile isiyo na harufu hiyo.

Ishara ya pili ni joto. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la mwili wa mnyama hata gizani. Nyoka wa nyumbani hana vishimo hivyo, lakini windo lenye uvuguvugu humvutia kuliko lililo baridi. Ya tatu ni mtikisiko na mwendo: nyoka huhisi hatua za mtu sakafuni na mgongano wa mbao kupitia mifupa ya taya, na macho yake huona vizuri kitu kinachosogea kuliko kilichotulia.

Ukiziunganisha ishara hizo tatu utaona kwa nini mkono huumwa. Mtu ameshika panya, akafuta vidole kwenye suruali, akafungua mlango na kuingiza mkono kuelekea kichwani. Harufu ipo, joto lipo, mwendo upo. Nyoka aliyeuma hapo hakukosea hata kidogo, na kumwadhibu kwa kumpiga au kumtikisa kutamfundisha jambo moja tu, yaani kumwogopa mtu, na hapo mfugaji atakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Kwa sababu hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika nyoka, hasa baada ya kushika panya, kuku au nyama, na ioshwe tena baadaye, kwa kuwa nyoka wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua.

Mafunzo yanayokuja mara moja kwa wiki

Tanzania ina mfano bora wa mafunzo ya wanyama kwa kutumia chakula. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya huanza kwa kuzoezwa kwamba mlio mfupi wa kibofyo unafuatwa na kipande cha chakula, kisha mlio huo hutumika kumwambia kwamba amefanya sawa. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, mwaka 2020.

Nyoka naye hufundishika kwa misingi hiyohiyo. Watafiti walioripoti kazi yao mwaka 2015 waliwafundisha chatu wa Burma waliokamatwa porini Florida kusukuma kitufe chenye taa ili mlango ufunguke na wapate chakula. Tofauti kubwa, ambayo wafugaji wengi hawaipi uzito, ni idadi ya masomo. Panya buku hupata vipande vingi vya chakula katika asubuhi moja, na kosa la mwalimu hufunikwa na marudio mengi yaliyo sahihi. Nyoka wa nyumbani aliyekomaa hula mara moja kwa siku 7 hadi 10, na chatu mkubwa hukaa wiki mbili hadi nne. Somo moja lililoharibika laweza kubaki kichwani mwake kwa wiki nzima bila kusahihishwa, na ndiyo maana katika ufugaji wa nyoka utaratibu usiobadilika una thamani kuliko ustadi wa kushika.

Kutenganisha ishara ya chakula na ishara ya mkono

Hatua ya kwanza ni kuufanya mlango usiwe na maana yoyote. Ikiwa kizimba hufunguliwa siku ya kula tu, mlango ndio kengele ya chakula, na hakuna mbinu itakayoshinda jambo hilo. Kizimba kifunguliwe kila siku kwa shughuli nyingine: kubadilisha maji, kuokota kinyesi, kusoma kipimajoto, au kufungua na kufunga tu. Baada ya wiki chache, siku zenye chakula zitakuwa chache mno kati ya siku nyingi zisizo nacho, na nyoka hatakuwa na sababu ya kujikunja shingo kila anaposikia kitasa.

Hatua ya pili ni kuwa na alama inayosema kwamba leo hakuna chakula. Wafugaji wazoefu hutumia fimbo nyembamba yenye kulabu butu, ambayo fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kuitengeneza kwa nondo ndogo, mradi ncha ilainishwe kwa msasa. Kila mara unapotaka kumshika nyoka, fungua mlango, subiri kidogo, kisha mguse taratibu kwa mgongo wa kulabu hiyo kuanzia katikati ya mwili na kuelekea mbele. Usimchome wala usimgonge. Kitu kigumu, kisicho na joto wala harufu ya mnyama, kinachomgusa bila kukimbia, hakifanani na windo, na nyoka aliyekuwa amejiandaa kula hulegea: hurudisha kichwa, hutoa ulimi polepole, au huanza kutambaa. Hapo ndipo mkono uingie, kutoka ubavuni na usawa wa tumbo lake, usitokee juu ya kichwa kama unavyofanya ukucha wa mwewe. Asipolegea, funga mlango na ujaribu siku nyingine.

Hatua ya tatu ni kwamba siku ya chakula kulabu isionekane kabisa, na mkono usionekane pia. Windo lishikwe kwa koleo refu, la sentimita 30 kwa nyoka mdogo na zaidi ya hapo kwa chatu, liingizwe mara tu mlango unapofunguka na lisogezwe kidogo mbele ya nyoka. Wapo wanaopendelea kugonga kizimba mara mbili kama ishara ya chakula. Siungi mkono desturi hiyo katika nyumba zetu, kwa sababu mtoto anayecheza, mlango wa jirani au ukuta unaopigwa msumari unaweza kutoa ishara ileile wakati wowote, na mwishowe mtu asiyejua kitu ataweka mkono ndani mbele ya nyoka aliyekwisha kuitwa mezani.

Muda nao ni ishara. Nyoka anayelishwa kila Jumamosi jioni huanza kuzungukazunguka Jumamosi jioni. Kwa nyoka wa nyumbani, ambaye huwinda usiku, jioni ndiyo saa inayofaa, ila siku zisogezwe mbele au nyuma kidogo, na kazi ya kumshika ifanywe mchana.

Swali la kumlisha nje ya kizimba

Ushauri wa zamani husema nyoka ahamishiwe kwenye ndoo au boksi jingine wakati wa kula ili kizimba chake kisihusishwe na chakula. Wazo lina mantiki yake, lakini kwa vitendo lina kasoro mbili kubwa. Kwanza, mfugaji hulazimika kumshika nyoka kabla tu ya kula, akiwa na njaa, na kumshika tena mara baada ya kula, wakati hamu ya kuwinda haijaisha. Saa chache zinazofuata mlo ndizo saa ambazo nyoka mpole kabisa hukamata chochote chenye joto. Pili, mwili wa nyoka aliyekwisha kula haufai kusumbuliwa. Katika chatu wa Burma imepimwa kwamba moyo huongezeka uzito kwa karibu asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo mkubwa, na utumbo na ini navyo hukua ili kumudu kazi. Nyoka anayebebwa katika hali hiyo hutapika kirahisi, na kutapika humdhoofisha kuliko kukosa chakula. Kwa maoni yangu alishwe ndani ya kizimba chake, ishara zikiwa zimetenganishwa kama ilivyoelezwa, na asishikwe kwa siku 2 kamili baada ya kula, au zaidi iwapo uvimbe wa tumbo bado unaonekana.

Panya wa kumlisha na namna ya kuwaandaa

Panya wa mtegoni asitumike. Sumu ya panya huuzwa karibu kila soko, na panya aliyekula sumu leo anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa huku sumu ikiwa ndani yake. Nyoka akimla naye huathirika. Panya wa aina hiyo hubeba minyoo na kupe pia. Njia ya uhakika ni kufuga panya weupe wako mwenyewe, au kununua kwa mtu anayewafuga kwa pumba na nafaka safi. Vifaranga wa siku moja wanafaa kama nyongeza kwa chatu mara mojamoja, lakini wasiwe chakula cha kila siku.

Windo lisizidi unene wa sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Liwe limekwisha kufa: panya aliye hai akiachwa na nyoka asiye na njaa huweza kumng'ata hadi mfupa. Aliyegandishwa ayeyushwe usiku kucha ndani ya friji, kisha awekwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya maji ya moto yasiyochemka hadi awe na joto la mwili wa mnyama hai, takribani nyuzi 38, akaushwe ndipo atolewe. Kama umeme ulikatika hadi panya wakayeyuka kwenye friza, wasigandishwe tena. Watumike siku hiyo au wafukiwe.

Kinyoka kilichotoka kwenye yai karibuni kinaweza kukataa kitoto cha panya kwa sababu porini kingeanza na mijusi. Hapo harufu husaidia: kisugue kitoto hicho cha panya kwa ngozi iliyodondoshwa na mjusi kafiri, au kwenye kitambaa alikopita mjusi huyo, kisha kiache mdomoni mwa maficho wakati wa jioni. Kila mlo unaokubalika, punguza kiasi cha harufu ya mjusi. Nimeona njia hii ikifaulu kwa vinyoka ambavyo vilikuwa vimekata tamaa ya kula, na ni bora mara nyingi kuliko kulisha kwa nguvu.

Baridi ya Arusha, joto la Moshi

Nyoka hasagi chakula bila joto la nje. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 30 hadi 32 na upande wa pili nyuzi 24 hadi 26, ili achague mwenyewe. Moshi, ulioko chini ya mita 1,000, hauna shida kubwa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hatari yake Januari na Februari ni kizimba kilichoachwa juani. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai nyumba isiyo na dari hupoa kiasi cha kumfanya nyoka aache kula. Mfugaji akimlisha hivyohivyo na umeme ukakatika usiku huo, panya huanza kuoza tumboni kabla ya kusagwa. Katika miezi hiyo angalia kwanza kama umeme umetulia, punguza ukubwa wa windo na uongeze siku kati ya milo. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo na kuwekwa nje ya ukuta wa kizimba husaidia kwa saa kadhaa.

Anapokataa kula

Tazama kwanza macho. Yakiwa na ukungu wa rangi ya maziwa, nyoka anakaribia kujivua gamba na hahitaji kusumbuliwa. Jike mwenye mayai hukataa pia, na chatu huweza kufunga kwa wiki nyingi wakati wa baridi bila kudhurika. Windo lililokataliwa litolewe asubuhi, na lisiletwe jingine kabla ya siku 5 hadi 7. Kumtingishia panya kila siku humzoesha kupuuza ile ishara uliyoijenga kwa taabu. Mpime kwa mizani ya kidijitali kila wiki mbili na uandike. Akiwa amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, atafutiwe daktari wa mifugo. Aliyetapika apumzishwe siku 10 hadi 14, akaguliwe joto, kisha aanze na windo la nusu ya ukubwa wa kawaida.

Kuuma kwa njaa na kuuma kwa hofu

Aina hizi mbili zisichanganywe, kwa sababu dawa ya moja huizidisha nyingine. Nyoka anayetaka kula hukaza macho kwenye mlango, hutoa ulimi harakaharaka, husogea mbele polepole, na akiuma hang'oki: hujiviringisha na kubana. Huyu anahitaji kulabu, mikono safi na milango inayofunguliwa bila chakula. Nyoka anayeogopa hurudi nyuma, hupumua kwa sauti, hutetemesha mkia, na akiuma huachia papo hapo. Huyu anahitaji maficho mawili yanayombana vizuri, wiki kadhaa za kutoshikwa, kisha vipindi vifupi vya dakika chache. Ukimzidishia wa pili kuguswa kwa kulabu, hofu yake itakua.

Nyoka akikamata mkono na kubana, usivute. Meno yake yamepinda kuelekea nyuma, na kuvuta huchana ngozi ya mtu na kuvunja meno ya nyoka. Weka mkono chini ya bomba la maji baridi, au udondoshe pombe kali kidogo pembeni mwa mdomo wake, na umfungue mzunguko mmoja baada ya mwingine kuanzia mkiani. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na chanjo ya pepopunda iulizwe kituo cha afya. Chatu mwenye urefu unaozidi mita mbili na nusu asilishwe wala asishikwe na mtu mmoja aliye peke yake nyumbani, hata kama amefugwa tangu akiwa mdogo.

Mfugaji akisafiri

Nyoka mzima mwenye afya hukaa wiki mbili bila kula na hapati madhara yoyote. Kwa hiyo ndugu au msaidizi anayebaki nyumbani asiachiwe jukumu la kulisha, maana atatumia mkono badala ya koleo na kuvuruga ishara zote. Aachiwe kazi mbili tu: kusoma kipimajoto bila kufungua, na kubadilisha maji kupitia kidirisha kidogo kilichotengenezwa upande wa bakuli, nyoka akiwa upande mwingine. Ufunguo wa mlango mkubwa usibaki naye. Mfugaji akirudi, siku ya kwanza afungue kwa kulabu na maji peke yake, siku ya pili afanye vivyo hivyo, na chakula kiletwe kwa koleo jioni ya siku ya tatu.